Mzee Ndani ya Laptopu ya Lagi

Jumatatu, 2 Oktoba
Mwanangu kafufua kompyuta ya marehemu baba yake! Haya, shajara, hujambo. Habari hii ilinishinda kusubiri salamu. Kompyuta yenyewe ilioza zamani, chumvi ya bahari iliila. Lakini Lagi wangu (Apia nzima, Samoa yote, hana mwenzake, nasema mimi niliyemzaa) kautoa mfumo wake wote wa kale, kautia ndani ya laptopu yake. Kompyuta ndani ya kompyuta! Dirisha linafunguka, mzee, ndiyo ile ya kale, anaamka na mlio wake uleule. Nililia. Humo ndimo ulimo wimbo aliotunga mume wangu Penitito kabla hajafa, katika programu ambayo kompyuta za leo haziijui. Watoto watauimba Jumapili Nyeupe, sikukuu yao kanisani, wiki hii hii. Nimeshatangaza.
Tatizo moja. Mzito! Ukibofya, nenda kakune nazi, urudi.

Jumanne, 3 Oktoba
Jamani! Sinapati, mke wa shemasi, kaniuliza mbele ya kwaya nzima, Mama Lagi, wimbo wako unakuja kwa kobe? Tuupokee Krismasi? Wakacheka, hata wenzangu wa sauti ya alto! Yeye ana wimbo wa mpwa wake wa Auckland, umeshapigwa chapa. Mwalimu wa kwaya kaamua: karatasi za wimbo wangu zisipofika Ijumaa, tunaimba wa mpwa. Penitito wangu ashindwe na mtoto wa Auckland!
Lagi kaitwa kazini kisiwa cha Savai'i. Kasema atautazama huo uzito akirudi Alhamisi. Mama, usiguse. Sikugusa. Nilitazama tu.

Jumatano, 4 Oktoba
Nimegusa.
Nawe ungegusa! Nimekuta pale laptopu inapogawana kumbukumbu na mzee. Aibu! Laptopu, kijana wa juzi, kajipakulia sufuria nzima. Mzee kapewa kijiko! Nyumba gani hiyo? Kwetu mzee hula kwanza, kichwa cha samaki chake, vijana wanapepea nzi wakingoja. Pana mstari wa kugawia, nikauvuta hadi mwisho. Chakula chote kwake. Na nguvu zote za kufanyia kazi, zote!
Skrini nyeusi. Laptopu nzima imeganda. Feni inavuma, chini moto wa kuchomea magimbi. Nimeipepea kwa kipepeo cha ukili mpaka mkono umekufa ganzi. Ee Mungu, nimemuua Penitito mara ya pili.

Alhamisi, 5 Oktoba
Lagi karudi. Nimemwambia imejiugulia yenyewe. Kautazama ule mstari. Kanitazama mimi. Kasema, mama, laptopu ndiyo inayombeba mzee mgongoni. Ukimnyima mbebaji, wanaanguka wote wawili. Na mzee mwenyewe, enzi zake kumbukumbu ilikuwa kijiko, ukimpa sufuria anapaliwa. Nikashika langu: mzee hula kwanza. Akaguna, akaniuliza, na Jumapili Nyeupe nani hula kwanza?
Watoto. Siku hiyo sisi wazee ndio tunaopakua, tunapepea nzi, tunakula yaliyobaki.
Basi humu ndani, kasema, kila siku ni Jumapili Nyeupe.
Akampunguzia mzee chakula. Akamwachia nguvu kidogo tu. Akamwekea na kiprogramu cha kumwelewanisha na skrini mpya. Bofya! Wimbo huo, sijapepesa jicho! Nilipiga ukelele, jirani akaja na panga.

Ijumaa, 6 Oktoba
Karatasi zimefika. Nimempa Sinapati yake mkononi, ya kwanza kabisa. Kobe kawasili, nimemwambia.

Jumapili, 8 Oktoba
Wameimba! Wote nguo nyeupe kama maua ya frangipani, na ule mdundo wa mwisho aliokuwa akiupiga Penitito mezani kwa vidole. Sinapati kalia. Kasema vumbi. Vumbi gani, na mvua ile!
Kisha, watoto wakila na sisi tumesimama tukipepea nzi, kaninong'oneza. Kompyuta ya kale ya shemasi, yenye picha za harusi yao, nayo nzito. Ya kwako aliitengeneza nani?
Ningesema Lagi. Ulimi ukasema mimi.
Palusami, yale majani ya magimbi kwa tui la nazi, haijaisha mezani, habari imefika hadi kwa mke wa mchungaji. Kumbe kila nyumba ina mzee wake aliyelala! Lagi kashika kichwa, kaniomba niwaambie ukweli. Asiwe na wasiwasi mwanangu, kazi nimeiona kwa macho yangu. Tena Jumapili Nyeupe itakuwa imepita, utaratibu wetu umerudi: mzee hula kwanza, ale mpaka ashibe. Nimewaambia waje wote na mashine zao, mikeka nimeshatandika. Kesho, Jumatatu.