Kilat, Benteng na Ukuu Wangu

Jumatatu, 3 Juni
Siku njema! Bosi wetu, Pak Hartoyo, anataka kujua kiunzi kipi cha kujengea tovuti kinatufaa: Kilat au Benteng. Kipi rahisi kutumia, kipi kinalinda seva. Mimi nimepewa Kilat, Mbak Retno kapewa Benteng. Kila mmoja ajenge fomu ya kujiandikisha kwa ushirika wa batiki wa akina mama wa Bantul. Ijumaa mshindi anakuwa mkuu wa mradi, mshindwa anamsaidia. Nimeshamwambia mama mkwe kwamba ukuu nimeupata. Ameanza kualika majirani waje kula wali wa manjano wa sherehe Jumamosi. Lazima nishinde, basi.

Jumanne, 4 Juni
Kilat ni raha tupu! Nimechukua fomu iliyo tayari, ukurasa ukasimama kabla chai haijapoa. Nimeongeza maua ya batiki yanayodondoka. Retno bado anafunga makufuli ya seva tu. Nikampelekea tempe, vipande vya soya vya kukaanga, ili nimpeleleze. Akala tempe, akanionyesha kila kitu bila kuficha. Mpinzani gani huyu? Hana hata adabu ya kuwa na siri.

Jumatano, 5 Juni
Aibu. Mwenyekiti wa ushirika, Bu Wagiyem, alikuja kujaribu. Akaandika jina lake. Fomu ikagoma: jaza jina la pili. Bu ni heshima tu, kama Mama, na Mas ni kama Kaka; jina la pili Bu Wagiyem hana. Wenzake wengi hawana. Hata mimi sina! Kitambulisho changu kinasema Seno, basi. Ila kwenye fomu za kigeni nimezoea kuandika Seno Seno, nikasahau kabisa kwamba ni kiraka. Bu Wagiyem akaniuliza hilo jingine alitoe wapi, mbona hili moja limemtosha tangu azaliwe. Nikamshauri aliandike mara mbili. Akina mama wakavunjika mbavu. Kwa lugha yetu neno likirudiwa linakuwa wingi, kwa hiyo nilikuwa nimeandikisha Wagiyem kibao. "Haya Mas Seno, mkutanoni aje Wagiyem yupi?" Fomu ya Retno ina kisanduku kimoja tu: Jina. Kimoja! Nimeumia.

Alhamisi, 6 Juni
Nimepata dawa. Kilat ina swichi ya kuzima ukaguzi wote wa fomu. Nimeizima. Sasa inakubali chochote: jina moja, nukta, hata matusi. Retno akaniuliza kama nimeweka ulinzi mwingine badala yake. Nikamwambia asinifundishe kazi. Kisha nikajaribu kuvunja seva yake, nimuumbue mbele ya Pak Hartoyo. Mlango ukaniuliza jina, mkono ukaandika wenyewe. Benteng ikanifungia nje, na jina la mvamizi likatokea kwenye skrini kubwa ya ofisini: Seno Seno. Retno akapita akicheka. "Pole, Mas. Mlikuja wangapi?"

Ijumaa, 7 Juni
Pak Hartoyo akafungua ukurasa wangu mbele ya akina mama. Maua yakadondoka. Nyuma ya maua, matangazo ya kamari! Kamari juu mpaka chini, na mwanamke anakonyeza. Watu wa kamari walikuwa wamejipenyeza kupitia kisanduku cha jina. Bu Wagiyem akavaa miwani, akasoma yote, akasema, "Mwanangu, sisi tunauza vitambaa." Hakugomba. Bora angegomba. Retno akanitetea, hebu fikiria! Akasema Kilat haina kosa, ina makufuli mazuri tu, aliyeyafungua ni mimi. Utetezi gani huo? Ukuu amepewa yeye. Moyo umeniuma kwelikweli.

Jumamosi, 8 Juni
Wali wa manjano umelika. Pongezi nimezipokea zote, ningefanyaje na mama mkwe analia kwa furaha? Retno ameshanituma kazi ya kwanza: nikague milango yote ya Benteng, nifunge isiyotumika. Nimeifunga yote. Kisha nimefungua mmoja mdogo wa nyuma, wa kwangu, wa dharura. Tovuti ikikwama naingia hapo, naiokoa, na Pak Hartoyo atajua nani hasa alistahili ukuu. Nywila sijaweka, ingenichelewesha. Nani mwingine atajua mlango ulipo?