Kompyuta Isiyosikika

Jumatatu, 3 Machi

Siku ya kwanza ya likizo. Wiki nzima bila kusoma mita za maji za watu! Kompyuta ya mezani imekamilika tangu jana. Nimeijenga kwa mikono yangu miwili, skrubu kwa skrubu, na zilizobaki ni tatu tu. Mchezo wa mpira kwenye skrini unaonekana mpaka majani ya uwanja. Kasoro ni moja. Inavuma kama mashine ya kusaga.

Mke wangu ni muuguzi wa wodi ya wazazi, na wiki hii yuko zamu ya usiku. Anarudi saa mbili asubuhi, anatumbukiza miguu kwenye beseni la maji ya moto (namwandalia mimi, sijakosa hata siku moja), analala kuanzia saa tatu hadi saa tisa. Sebule na chumba cha kulala vinatenganishwa na ukuta mmoja mwembamba.

Saa nne nimevaa hedifoni, nikawasha. Moyo ukanisuta. Nikaenda kufungua mlango wa chumbani, nikamuuliza kwa upole kama kelele zinamwamsha. Akasema ndiyo, yuko macho. Nilijua!

Alipoamka rasmi ametoa hukumu. Nina siku nne za kurekebisha mambo. Jumamosi anataka usingizi usiokatizwa. Akiamshwa, kompyuta inahamia kwa mdogo wake.

Kwa shemeji! Ambaye anatengeneza simu na kompyuta mtaa wa pili, na ambaye mimi humwita Mjuaji. Afadhali niitupe mtoni.

Jumanne, 4 Machi

Nimepata dawa. Sponji! Nimefungua mto wa kochi, nikakata vipande, nikaziba kila tundu la kasha. Kimya kizuri ajabu. Nilikuwa naongoza mawili kwa bila, dakika ya themanini. Nikasimamisha mchezo, nikaenda kumuuliza mke wangu kama anasikia chochote. Akafumbua jicho moja. Akasema hasikii, ila ananusa.

Kurudi sebuleni, skrini nyeusi. Kompyuta imejizima yenyewe kwa joto. Tumefungua madirisha yote. Mjuaji alipita jioni, akauliza kama mashine inaumwa mafua mpaka nikaivika sweta. Eti kompyuta nayo inapumua! Kama kwamba sijui.

Sasa najua.

Jumatano, 5 Machi

Nimekwenda kwa Mjuaji. Si kuomba msaada, la hasha. Nimemwambia nina rafiki ambaye kompyuta yake ina kelele. Akasema huyo rafiki anunue feni kubwa zinazozunguka taratibu. Na kabla ya yote aangalie kama alibandua ile karatasi ya plastiki chini ya chuma cha kupoozea prosesa, maana kuna wajinga huisahau, na feni huhangaika bure kuvuma. Tukawacheka sana hao wajinga.

Nimerudi nyumbani, nikafungua. Karatasi ipo. Imeandikwa kwa herufi nyekundu: ONDOA.

Nikaibandua, nikafuta, nikapaka dawa mpya ya kupitisha joto. Kelele zimepungua nusu nzima! Furaha ilinizidi, nikakimbilia chumbani kumpa habari njema mke wangu. Akasema hongera, uso ukiwa ndani ya mto. Wanawake wenye moyo kama huo ni wachache.

Alhamisi, 6 Machi

Feni kubwa mbili zimefungwa. Ya mbele inavuta hewa ndani. Ya nyuma nayo inavuta hewa ndani. Nimezikuta zinapigana katikati kama mafahali. Nimeigeuza moja.

Bado kasha linatetemesha meza. Penye nia pana njia: nimekata kandambili, nikaweka vipande vinne vya mpira chini ya miguu ya kasha. Mtetemo umekwisha kabisa. Nimetumia kandambili za mke wangu, maana zangu zimelika, mpira hauna unene wa kutosha. Nilimwamsha kumuuliza kama anaona tofauti. Akasema haoni.

Aliiona alipotoka kuoga.

Ijumaa, 7 Machi

USHINDI! Nimepunguza kasi ya feni, nikatega sikio kwenye kasha, nikasikia tumbo langu tu. Ilibidi nitazame taa ndogo ya mbele kujua kama mashine inawaka. Nikamwita Mjuaji awe shahidi. Akasikiliza muda mrefu. Kisha akasema, hata yeye fundi hajawahi kutengeneza ya kimya namna hii. Akanipa mkono. Machozi yalinilengalenga, nikasingizia vumbi.

Ila mtihani hautafanyikia sebuleni. Nikamwambia tukasikilize kutoka chumbani. Alisita. Nikamvuta. Tukasimama kando ya kitanda, mimi upande huu, yeye upande ule, tumeinama, tumezuia pumzi. Kimya kabisa!

Mke wangu akafumbua macho, akatukuta tumemwinamia. Mayowe yake yalisikika mpaka kwa majirani. Mjuaji aliacha kiatu kimoja.

Jumamosi, 8 Machi

Siku yenyewe. Saa tatu amelala. Nimewasha mashine. Nimefunga mabao matatu na nikashangilia kwa vidole tu. Saa nne, kimya. Saa tano, kimya. Saa sita nikaanza kutokwa jasho. Kimya kingi kina mshindo. Je, kama yuko macho, anateseka, anavumilia kwa ajili yangu? Namjua. Aliwahi kuficha jino bovu mwezi mzima ili nisikose fainali.

Sikuweza kustahimili. Nikafungua mlango, ukalia kwiii. Nikamuuliza kama kuna kitu kimemwamsha.

Akaketi kitandani. Akasema tangu Jumatatu kompyuta haijamwamsha hata mara moja. Usiku kucha anasikia vichanga wakilia na kengele zikipigwa, ngurumo ya feni kwake ni bembelezo. Kinachomwamsha ni mlango huu, na mimi nikiuliza kama ameamka.

Nilitamani ardhi ipasuke. Wiki nzima! Kochi, kandambili! Halafu nikaona mabega yake yanatikisika. Alikuwa anacheka. Akacheka mpaka akajifuta machozi kwa shuka, akanishika mkono, akasema katika wodi nzima hakuna mwenye mume wa kumjali kiasi hiki, na hakuna anayelala kidogo kama yeye. Kompyuta inabaki. Nisimfungulie mlango tena, basi.

Nampenda mno mwanamke huyu. Na somo limeniingia sawasawa.

Jumapili, 9 Machi

Mlango! Kikulacho ki nguoni mwako. Nahangaika na feni siku sita, kumbe mhalifu ni bawaba! Leo, baada ya zamu yake ya mwisho, alipolala tu nimechukua mafuta ya cherehani, nikazipaka bawaba zote tatu. Nikaufungua na kuufunga mara kumi. Hata mchwa asingesikia. Kazi safi kabisa! Ilibaki kuthibitisha kwa mhusika mwenyewe. Nikaketi ukingoni mwa kitanda, nikamgusa bega taratibu, nikamnong'oneza: mlango umeusikia?

Naandika haya kwenye karakana ya Mjuaji. Kompyuta iko hapa pia. Skrini ameibeba mke wangu mwenyewe, akiwa na kanga ya kulalia, hatua ndefu. Mlangoni tu ndipo alipogeuka, akasema chakula kitakuwa tayari saa kumi, na nisitangulie hata dakika.

Hapa pametulia. Wateja hakuna. Mjuaji amejinyoosha kwenye kiti, kofia usoni, kasinzia. Lakini naona amejigeuza mara mbili. Nadhani ni feni zangu zinamsumbua, maskini, na yeye kwa adabu yake hatasema.

Ngoja nimuulize.