Pipa Lililoandikwa Kali

Jumatatu, 4 Machi
Daktari amesema moyo umechoka. Nilimuuliza umebakiza muda gani. Akajibu kwamba kama nina mche wa tufaha wa kupanda, nimpe mtu mwingine apande.

Basi niseme ukweli, angalau humu. Ule mvinyo wetu wa matufaha uitwao Kali, unaomiminwa katika baa zetu zote tatu, sikuubuni mimi. Miaka thelathini na minane iliyopita nilionja pipa la pembeni, nikakunja uso, nikaliandika kwa chaki: KALI. Maana yake limechachuka, limwagwe. Fundi wa mapipa alikuwa shemeji yangu, kaka wa marehemu mke wangu. Yeye akaelewa kali kama wasemavyo vijana, yaani halina mfano. Akalipeleka baa. Nikamfukuza kazi papo hapo. Kufika jioni wateja walikuwa wamelikausha na wanauliza lingine. Nikawaambia ni ubunifu wangu.

Hakurudi. Nami sikumwita.

Ijumaa binti yangu, ambaye sasa ndiye mkuu wa kiwanda, atabandika mlangoni mwa baa kibao cha shaba chenye jina langu. Siwezi kufa na kibao hicho. Jina liwe la shemeji. Ila mimi nisiaibike. Nina mpango!

Jumanne, 5 Machi
Barua isiyo na jina. Nimeiandika kwa mkono wa kushoto: aliyebuni Kali ni mjomba wako; mwenye macho na aone. Muuguzi wangu akaitumbukiza katika sanduku la maoni la baa.

Saa sita binti alikuwa mlangoni nayo. Akasema, Baba, mji mzima huu anayetumia nuktamkato ni wewe peke yako. Nikakana. Akauliza kama kuna ukweli wowote. Nikamwambia mtu asiyejitaja huenda ana sababu zake, tena nzito. Akamwuliza muuguzi kama dawa zangu zimeongezwa.

Nuktamkato! Elimu imeniponza.

Jumatano, 6 Machi
Nimekwenda mwenyewe. Muuguzi akanisukuma kwenye kiti cha magurudumu hadi karakana ya shemeji, mtaa wa nyuma ya stoo zetu. Miaka yote hiyo, dakika kumi tu kwa miguu. Anatengeneza viti. Alinitazama, akarudi kwenye randa yake. Akasema kama nimekuja kupimwa jeneza, nimepotea njia.

Hotuba nilikuwa nayo kichwani. Nilipofungua kinywa nikajisikia nikisema nimekuja kumsamehe. Muuguzi akakohoa.

Shemeji akaweka randa chini. Kumsamehe lipi? Nikasema, kutoelewa neno. Akacheka mpaka akakaa. Alilielewa! Akasema, shemeji, ulikunja uso kama mtoto aliyelambishwa kwinini, nani angedhani unasifu? Lakini wewe siku ile ulikuwa na mafua ya kutosha kuzima taa. Mimi nilionja. Nikarudi, nikaonja tena. Ndipo nikalipeleka.

Kwa hiyo halikuwa kosa hata kidogo. Kumbe aliujua mvinyo kuliko mimi, na nilimfukuza kwa sababu alijua.

Nikamuuliza anataka nini. Aliyapangusa maranda mapajani kwa muda mrefu. Akasema anataka jina lake, akiwa hai wa kulisoma. Dada yake alikufa akiamini kaka yake ni mzembe. Kwa hilo, akasema, sina cha kumrudishia.

Ni kweli. Sina.

Alhamisi, 7 Machi
Nimemweleza binti yote. Akaenda dirishani. Akasema Mama kila akimtaja Mjomba alikuwa akianza kwa kulaumu, akaishia kwa kulia. Hakunigeukia alipokuwa akisema.

Kibao kimerudishwa kwa mchongaji. Sharti la binti ni kwamba nitamke kwa kinywa changu, mbele za watu. Nikauliza kama chini ya jina la shemeji, kwa herufi ndogo, tungeweza kuweka "kwa usimamizi wa". Akasema: Baba. Hilo tu. Nikaacha.

Ijumaa, 8 Machi
Nimesema. Baa ilijaa mpaka barabarani. Shemeji alivaa suti iliyombana. Pumzi nilikuwa nayo ya dakika mbili, nikazungumza sita. Nilisema nani alionja, nani alifukuzwa, nani aliongopa. Shemeji akasoma kibao herufi kwa herufi, kwa kidole. Kisha akanishika mkono, akaninong'oneza: yameisha, shemeji. Nililia. Machozi ya kweli, naapa.

Alipigiwa makofi mazuri. Yangu yalikuwa marefu zaidi. Muuguzi anadai yalilingana, lakini hakuwa na saa. Mama mmoja alisema hajapata kuona ujasiri kama wangu.

Jumamosi, 9 Machi
Sikuweza kuinuka. Daktari amekuja, amekaa kuliko kawaida, hakutania. Sina hofu. Nimetulia kama mtu aliyetua mzigo.

Shemeji amekaa nami asubuhi nzima. Akaniungamia naye la kwake: katika mwaka wa pili wa kiwanda rafu ya chupa mia nne iliporomoka, na aliyesahau kukaza skrubu ni yeye. Hajawahi kumwambia mtu. Alilia. Kisa kizuri kabisa, ila anakisimulia vibaya mno.

Nimemwomba binti awakusanye watu tena Jumatatu. Nitasema aliyesahau skrubu ni mimi.