Chujio la Bu Ghanim

Mishari alikuwa na asubuhi mbaya mpaka alipomwona yule mzee akifungua boneti kwa vidole viwili, kama mtu anayefunua sufuria ya wenyewe.

Ilikuwa Shuwaikh, mtaa wa magereji, na jua lilikuwa limeshaanza kuuma. Gari lilikuwa jekundu, la mbio, la viti viwili. Mwenyewe alikuwa Bu Ghanim, muuza udi na manukato, tumbo mbele, kanzu imenyooshwa pasi kama bahasha. Mishari akaacha chai yake ya maziwa juu ya kopo la rangi, akasogea. Kila mtu ana kazi aliyoumbiwa. Ya Mishari ilikuwa kusogea.

"Mzee wangu, unatafuta nini humo?"

"Natafuta nguvu," akasema Bu Ghanim. "Shemeji yangu ana gari kama hili. Taa ikiwaka kijani, ananiacha pale pale. Halafu ananipungia mkono."

"Anakupungia mkono?"

"Polepole. Kama anayesindikiza ndugu uwanja wa ndege."

Mishari akatikisa kichwa kwa uchungu. "Injini yako inavuta pumzi kwa tundu moja la pua. Inataka bomba jipya la hewa, na chujio lake."

"Huko nyuma wamenionyesha moja, liko wazi kama koni. Linanguruma vizuri sana."

"Linanguruma kwa sababu lina njaa. Likikaa wazi hivyo litavuta joto la injini, na hewa ya moto ni nyepesi, haina nguvu. Wewe unataka lililofungiwa ndani ya sanduku, bomba lishuke mpaka mbele, likanywe hewa ya barabarani. Na chujio liwe la pamba nzito, la kukamata vumbi letu hili. Injini ikila mchanga, umeizika."

Hapo ndipo ufundi wa Mishari ulipokuwa. Ushauri wake ulikuwa wa kweli kabisa. Uongo aliuweka kwenye bidhaa tu.

Akampeleka kwenye gari lake mwenyewe, la aina ile ile, ila la rangi ya fedha. Mishari alishamdanganya mjomba wake, na mchumba wake, na mchumba wa mjomba wake, lakini gari lile hakuwahi kulidanganya. Mafuta bora, tairi bora, na chini ya boneti sanduku la hewa la nyuzi za kaboni, jeusi, lililotoka ng'ambo baada ya kusubiriwa kama mtoto wa kwanza.

"Nipe hili hili," akasema Bu Ghanim.

"Hilo haliuzwi. Lakini pacha wake ninaye."

Pacha alizaliwa jioni ile nyuma ya gereji moja: bomba la maji machafu lililopakwa rangi nyeusi, sanduku la plastiki, na ndani yake kipande cha sponji ya godoro kilichochovywa kwenye rangi nyekundu. Alipendeza kuliko ndugu yake.

Likabaki jaribio. Mishari alikuwa ameshapima mbio za gari la mzee bila pacha saa saba mchana, lami ikiyeyuka, kiyoyozi kikivuma mpaka mwisho. Alipomfunga pacha, akapima tena alfajiri, kibaridi kikipuliza, kiyoyozi kimezimwa "ili tusikie sauti vizuri". Hata punda angekimbia zaidi alfajiri. Bu Ghanim alilipa huku anacheka peke yake.

Upepo wa vumbi ulipokuja, kicheko kikaisha. Gari lilianza kukohoa. Bu Ghanim akafungua sanduku, akainama, akanusa. Mtu aliyezeeka akinusa udi hahitaji fundi: hiyo ilikuwa gundi ya godoro. Akapitisha kidole ndani ya bomba, kikatoka kimejaa unga wa jangwa. Akakipangusa kwa leso. Halafu akampigia Mishari simu, akamwalika kwenye diwania yake, baraza ya kupokelea wageni, waje wazee wenzake wenye magari wamsikie mtaalamu.

Mishari akaja amejipulizia marashi. Alihesabu vilemba mlangoni, kila kilemba akakiona na boneti yake.

Wakanywa kahawa, wakala tende, wakatoka nje kutazama magari mawili yaliyofunguliwa.

"Waambie mwenyewe," akasema Bu Ghanim kwa upole. "Chujio langu na lako, lipi bora?"

"Lako," akasema Mishari, mkono kifuani. "Naapa mbele ya wazee hawa. Langu ni la zamani. Lako ndilo lenyewe."

Wazee wakanong'onezana. Bu Ghanim akasogea kwenye gari la rangi ya fedha, akaligusa lile sanduku jeusi. "Mashallah. Hata hivyo, hili nalo ni zuri."

Sasa, kwetu mtu akisifu kitu chako, unamwambia akichukue. Saa, kalamu, hata kanzu uliyovaa. Naye anajibu kibarikiwe kwako, na kahawa inaendelea. Mishari alikuwa ameshaigawa saa yake hivyo kwa nusu ya mji, na bado aliivaa.

"Lichukue, mzee wangu. Ni lako."

"Nimepokea," akasema Bu Ghanim. "Mungu akuzidishie."

Mzee mmoja akasahau kumeza tende.

"Nimepokea," akarudia Bu Ghanim, "na mimi si mtu wa kupokea bure. Umeapa langu ni bora. Basi lichukue lililo bora, mimi nitavumilia hili la zamani."

Mishari akapiga hesabu. Kukataa ni kusema ameapa uongo. Kunyang'anya zawadi mbele ya wazee ni kutokanyaga tena diwania yoyote ya mji, na mtu wa kazi yake bila diwania atakula nini?

"Umenizidi ukarimu," akasema.

"Sijafika nusu yako, mwanangu."

Wapwa wawili wa Bu Ghanim wakatoa spana mifukoni mwa kanzu. Spana zenyewe zilikuwa za kipimo sawasawa. Punde masanduku yakabadilishana magari.

Mishari aliondoka akipigiwa makofi, upepo ukianza tena, godoro likivuta hewa mbele yake. Kona ya kwanza tu akazima injini, akaita gari la kuvuta. Dereva akaja, akazunguka akitazama.

"Lina ubovu gani, kaka?"

"Halina."

"Sasa nivute nini?"

"Vuta tu."

Dereva akafunga minyororo, akarudi nyuma, akalitazama tena gari lile la rangi ya fedha. "Mashallah," akasema. "Gari zuri hili."

Mdomo wa Mishari ulishafunguka kwa mazoea. Akaufunga. Akatazama angani.

"Vumbi limezidi leo," akasema.