Mbwa wa Balungi wa Mwalimu Khoat

Mwalimu Khoat wa darasa la tano alikuwa fundi wa kila kitu duniani, na kama huamini, ungemuuliza yeye mwenyewe! Angekwambia kwamba mafuriko ya mwaka juzi yalishindwa kubomoa tuta la mto kwa sababu ya ushauri wake. Angekwambia kwamba jogoo wa jirani huwika kwa kufuata saa yake ya mkononi. Shule ya msingi ya Vinh Trai ilikuwa na madarasa matano, walimu saba na ngoma moja ya kuwaitia watoto darasani. Katika hayo yote, hakuna jambo ambalo Khoat hakuwahi kulifanya, tena kabla ya wengine, tena kwa mkono mmoja!

Basi Jumatatu moja ya mwezi wa tisa, watoto wamejipanga mbele ya bendera, skafu nyekundu shingoni, Mwalimu Mkuu Bi Xuyen akatangaza mashindano ya Sikukuu ya Mwezi wa Vuli.

"Kila darasa litaandaa sinia yake ya matunda," alisema. "Katikati akae mbwa wa vipande vya balungi, kama ilivyo desturi. Watoto watengeneze wenyewe, walimu wasaidie tu. Wazazi watakuja, na waamuzi ni wazee watatu wa kij..."

"Mwalimu Mkuu, tusipoteze muda!" Khoat alimkatiza kutoka mstari wa walimu. "Zawadi nipeni leo! Mbwa wangu akishakaa mezani, mbwa wa kijiji hiki watakuja kumwamkia!"

Watoto wakacheka. Bi Xuyen hakucheka. Alikuwa ameshafanya kazi na Khoat miaka tisa, na kicheko chake kilikwisha mwaka wa pili.

Alhamisi ikaja, kipindi cha kazi za mikono. Darasa la tano lilikuwa na watoto ishirini na watatu, na kiongozi wao katika ufundi alikuwa msichana mmoja aitwaye Luyen, mwembamba, mwenye vidole vya haraka. Walikuwa wamemenya, wamechambua, wamechomeka vijiti vya meno, na juu ya dawati la mbele amesimama mbwa. Hakuwa mbwa wa kutisha, lakini alikuwa mbwa.

Khoat akaja, mikono nyuma, tumbo mbele, kama mkaguzi aliyetumwa na serikali ya mbinguni.

"Hiki nini?"

"Mbwa, Mwalimu," alijibu Luyen.

"Mbwa! Huyu amegongwa na lori au amezaliwa hivi hivi? Tazama masikio! Moja linasikiliza redio ya Hanoi, jingine limelala usingizi! Luyen, mikono yako ni ya kufukuzia bata, si ya ufundi."

Luyen akainamisha kichwa. Kisha akakiinua. "Basi tuonyeshe wewe, Mwalimu."

Vichwa vyote vikamgeukia Mwalimu. Hata feni iliyokuwa ikilalamika darini ilipunguza sauti.

Sasa, ukweli ni huu. Katika miaka yake yote arobaini na mmoja, Mwalimu Khoat hakuwahi kumenya balungi hata moja! Utotoni alimenyewa na mama yake. Alipooa, kazi ikahamia kwa mkewe. Yeye aliletewa kwenye sahani, limechambuliwa utando, na bado alilalamika kuhusu mbegu.

"Siri ya ufundi haitolewi mbele ya watoto," alisema, akijikohoza. "Nitatengeneza mwenyewe nyumbani. Haya, mleni huyo kilema, ushahidi upotee!"

Watoto hawakuambiwa mara mbili. Walimla kuanzia mkiani, na dakika mbili baadaye palibaki vijiti vya meno tu. Luyen peke yake hakula.

Jumamosi, Mwalimu Khoat alipanda pikipiki, kofia ngumu kichwani, barakoa usoni, miwani ya jua juu ya barakoa, wakati jua lenyewe halikuwepo. Akaenda mjini, kilomita kumi na nane, hadi nyuma ya stendi, kwa mwanamke mmoja aitwaye Mama Phin, mpambaji wa masinia ya harusi.

"Nataka mbwa wa balungi," alinong'ona. "Mbwa ambaye hajapata kuonekana."

"Masikio yasimame au yalale?" Mama Phin aliuliza bila kuinua macho.

"Yasimame! Mimi sina kitu kinacholala!"

"Ulimi wa karoti au wa pilipili?"

"Pilipili! Na ua la njano shingoni. Na asifanane na mwingine yeyote, mama, tafadhali."

"Kwangu hakuna wanaofanana," alisema Mama Phin, kisha akageukia ndani na kupaza sauti: "Mwingine wa masikio kusimama!"

Khoat alisikia. Lakini mwenye kiburi masikio yake ni pambo tu.

Siku ya sikukuu, alasiri, uwanja wa shule ulijaa hadi langoni. Wazazi walikaa kwenye viti vya plastiki chini ya miti ya mikungu iliyoanza kugeuza majani kuwa mekundu. Vijana wa ngoma ya simba, wanaocheza wawili ndani ya kitambaa kimoja cha simba, walikuwa wakigombania nani awe kichwa na nani awe matako. Na meza tano zimepangwa, kila moja na sinia yake, kila sinia imefunikwa.

Luyen alichungulia chini ya kitambaa cha darasa lake. Akachungulia tena.

"Mwalimu, hii tumeitengeneza lini?"

"Mlipokuwa mmelala. Mkiulizwa, semeni tumeshirikiana."

"Tumeshirikianaje?"

"Mimi nimetoa kazi, ninyi mmetoa moyo! Kaa kimya."

Waamuzi wakafika mezani. Mkubwa wao alikuwa Bibi Nuoi, mkunga mstaafu, bibi wa miaka themanini aliyekuwa akitafuna tambuu kama injini inayopashwa moto. Khoat akashika pembe ya kitambaa. Akangoja watu wanyamaze. Hawakunyamaza, akaendelea hivyo hivyo.

"Ndugu wazazi! Siku tatu sijalala! Kila kipande nimekipima kwa rula! Mke wangu ananiita chakula, namwambia, mama, sanaa haina njaa!"

Akavuta kitambaa, fyuu!

Na kwa kweli, alikuwa mbwa! Mweupe, mwenye manyoya ya vipande vilivyopangwa kama vigae, macho ya mbegu nyeusi za topetope, ulimi wa pilipili ukining'inia, ua la njano shingoni. Amezungukwa na ndizi, mapera na mikate ya mwezi. Watu wakasema, "Aaaah!" Baba mmoja alivua kofia.

Bibi Nuoi akasogea karibu. "Khoat mwanangu, umemfanya kwa mikono hiyo hiyo?"

"Hii hii, bibi!"

"Mimi ndiye niliyemzalisha mama yako. Mikono hiyo hadi darasa la tatu ilikuwa haijui kufunga kamba ya suruali."

"Mtu hukua, bibi!" Khoat alicheka kwa sauti kubwa, akamkonyeza Mwalimu Mkuu. Moyoni alikuwa ameshaitundika zawadi ukutani, na ameshachagua msumari.

Ikafuata meza ya darasa la kwanza. Mwalimu wao, Bi Mien, binti mpole ambaye huomba radhi hata kwa mlango akiugonga, aliinua kitambaa bila hotuba.

Uwanja mzima ukanyoosha shingo.

Masikio yamesimama. Ulimi wa pilipili. Ua la njano, upande ule ule. Hata kichwa kimeinama kidogo kushoto, kwa pozi lile lile la mbwa anayepigwa picha ya kitambulisho. Pacha! Tumbo moja, mkunga mmoja!

Kitoto cha darasa la kwanza kikapiga kelele kwa furaha: "Mbwa wetu ana kaka yake!"

Hapo, msomaji wangu, Khoat angecheka tu, mambo yangekwisha. Watu wa Vinh Trai ni wepesi wa kusamehe mtu anayejicheka. Lakini damu ilimpanda kichwani, masikio yakamwaka moto, na mdomo wake, ambao haujawahi kumngoja, ukatangulia.

"Wizi! Nimeibiwa ubunifu wangu mchana kweupe!"

Bi Mien akawa mwekundu. "Samahani, Mwalimu Khoat. Mimi nimenunua. Watoto wangu wana miaka sita, ningewapaje visu? Nilimwomba ruhusa Mwalimu Mkuu. Nimemnunua mjini, nyuma ya stendi, kwa Mama Phin."

"Basi huyo Mama Phin ndiye mwizi! Ananichungulia dirishani!"

"Kutoka mjini?" aliuliza Bi Xuyen. "Kilomita kumi na nane?"

"Ana macho makali!"

Kicheko kilianzia kwa wale wa ngoma ya simba, ndani ya kitambaa, kikasambaa kama moto wa mabua. Mke wa Khoat, kwenye mstari wa tatu, alijifunika uso kwa pepeo. Mabega yake yalikuwa yanatikisika. Kama ni kilio au ni kitu kingine, mwenye mume ajaze mwenyewe.

Bibi Nuoi akatema tambuu pembeni. "Mnasumbukia nini? Mpeni balungi. Mpeni na kisu. Atutengenezee mwingine hapa hapa, tuone. Fundi hasahau mikono nyumbani."

"Bibi, kisu hiki butu..."

"Mpeni cha pili."

"Na balungi lenyewe, kusema kweli, halijaiva kisanaa..."

"Mpeni kapu zima!"

Kapu likaletwa. Khoat akaketi kwenye kigoda cha darasa la kwanza, magoti yamefika kidevuni. Akalitazama balungi. Balungi likamtazama. Akalichoma kisu, nalo likamrushia maji ya ganda jichoni, pshii!

"Ni kawaida," alisema, jicho moja amelifumba. "Linasalimia."

La kwanza alilimenya hadi likakaribia kuisha lote. Kilichobaki mkononi ni kitu cha ukubwa wa yai. La pili lilimponyoka, likabingirika hadi miguuni mwa baba aliyevua kofia, naye akaivaa tena. Jasho likamtoka. Alitafuta kwa jicho lililobaki zima, akamwona Luyen mbele ya kundi.

"Luyen! Njoo, njoo umshikie Mwalimu hapa."

Luyen aliweka mikono nyuma. "Siwezi, Mwalimu. Yangu ni ya kufukuzia bata."

Ee! Hata ngoma ilianguka yenyewe, wapigaji wake wanaviringika kwa kicheko! Khoat akainama juu ya balungi. Kwa mara ya kwanza tangu azaliwe alitamani asiangaliwe.

Baada ya nusu saa alinyoosha mgongo. Mbele yake, juu ya ubao, palikuwa na kitu. Waamuzi wakakizunguka kwa tahadhari.

"Ana miguu mitatu," alisema Bibi Nuoi.

"Wa nne ameukunja, bibi. Anapumzika."

"Na huu mkia?"

"Hicho ni kichwa."

"Basi hiki kichwa?"

"Hicho..." Khoat alifikiri. "Huyu si mbwa hasa. Nilibadilisha mawazo katikati. Ni kobe."

"Kobe aliyeazima ulimi wa pilipili wa mbwa wako?"

"Simba basi! Wazazi, msitazame umbo, tazameni maana! Hii ni sanaa!"

"Si sana," alisema Bibi Nuoi, akaenda zake meza nyingine.

Mwalimu alitaka makubwa, yakamkuta ya mbwa!

Zawadi ilikwenda darasa la tatu. Mbwa wao alikuwa mnene kupita kiasi, na mkia wamemchomeka mgongoni, lakini watoto waliomtengeneza walisimama nyuma yake vidole vikinuka balungi, na kila mmoja aliweza kueleza sikio lipi ni kazi yake. Sinia ya darasa la tano iliondolewa mashindanoni. Bi Xuyen hakumkaripia Khoat. Alimwambia tu, kwa sauti ya chini, "Alhamisi, Mwalimu, kipindi cha kazi za mikono darasa la tano utakaa nyuma. Luyen atafundisha." Hilo lilimchoma kuliko maji ya ganda.

Ngoma ikapigwa, watoto wakaruhusiwa kuyashambulia masinia. Wale mbwa pacha waliliwa kwa sekunde chache, bila kubagua. Juu ya mikungu mwezi ulikuwa umeshatoka, mviringo, mweupe, bila haraka.

Bibi Nuoi akarudi na balungi mkononi. "Khoat, kwa kuwa kisu umeshakishika, nimenyee. Mimi meno ni mabovu na kucha zimechoka."

Angekataaje? Akamenya. Bibi akala, akaitikia kwa kichwa. "Hili umeliweza."

Mtoto mmoja alisikia. "Mwalimu, na mimi!" Wa pili: "Na langu!" Ghafla pakawa na foleni inayozunguka mlingoti wa bendera. Khoat akamenya, akamenya, akamenya. Kufikia balungi la kumi na tano maganda yalianza kutoka mazima, na, aibu iliyoje, akajikuta anaona raha kidogo. Kiburi, ambacho ni kama magugu ya mpungani, kikaota tena hapo hapo. Akamchukua yule mnyama wake wa miguu mitatu, akamketisha mahali pa juu kwenye pembe ya meza, watu wamwone vizuri.

Akaja mama mmoja aliyehamia kijijini juzi, amechelewa, mwanawe mgongoni.

"Habari za jioni, kaka. Mabalungi bei gani?"

Khoat alifungua mdomo aeleze yeye ni nani, miaka yake ya kazi na vyeti vyake. Akautazama mstari wa watoto. Akaufunga mdomo.

"Ni ya bure, dada. Chukua." Akampa lililomenywa, na yule mama akaanza kulichambua utando hapo hapo, akimlisha mwanawe kwa juu ya bega. "Ila huyu," Khoat aliongeza haraka, akimsogeza mnyama wake kwa viganja viwili kama anayehamisha yai, "huyu si wa kuliwa."

Mama akatazama mahali alipoonyeshwa. Akainama, akatazama vizuri zaidi.

"Nisamehe, kaka," alisema. "Nilidhani hapa ndipo mnapotupa maganda."

Na kwa kuwa mkono wake ulikuwa umeshafika, akautupa utando.