Dirisha Pekee Lisilo na Nondo

Kwa Baba Mzazi,
Chumba cha mbele.

Shikamoo Baba.

YAH: DIRISHA LANGU KURUKWA WAKATI WA KUWEKA NONDO

Najua tunaishi nyumba moja na ningeweza kukwambia haya mezani. Lakini tangu ulipostaafu ukarani umetufundisha kwamba lalamiko lisiloandikwa ni umbea tu, kwa hiyo naiweka barua hii chini ya rimoti, ambapo hutakosa kuiona.

Wiki iliyopita mume wa Shangazi, fundi wa kuchomelea, aliweka nondo madirisha yote ya nyumba hii isipokuwa langu. Malalamiko yangu ni haya:

1. Sebule imepata nondo kwa ajili ya televisheni. Jiko limepata kwa ajili ya mtungi wa gesi. Chumba cha Kaka kimepata kwa ajili ya spika zake, ingawa majirani wangemshukuru mwizi. Hata banda la kuku limepata, na kuku hawana dirisha, wana tundu. Nondo zilipopungua nilikusikia ukimwambia fundi, "Hicho kiache, shemeji. Kina vitabu tu. Mwizi akiingia atasinzia." Baba, na mimi nilikuwa humo ndani.

2. Mwizi si mjinga. Atazunguka nyumba, akutane na chuma, chuma, chuma, halafu pazia langu la maua. Tumemfungia kila mahali ili asipate shida ya kuchagua, na bawabu wake ni mimi. Siku hizi nalala na kamusi kubwa kando ya mto. Si ya kusoma.

3. Fundi huyohuyo alitia mlango wetu pekee wa nje komeo linalojifunga lenyewe upepo ukiubamiza mlango, na ni gumu hata mwenye nguvu za kulifungua ni Kaka peke yake, tena kwa ndani. Kaka hashindi nyumbani. Ulikataa fundi aitwe kurekebisha, ukasema hatuwezi kumwaibisha mume wa dada yako. Basi kila aliyefungiwa nje hupitia dirishani kwangu. Bibi hupita akishikwa mikono, akiniambia, "Fumba macho mjukuu wangu, hujaniona." Juzi fundi mwenyewe alikuja kukagua kazi yake, akapitia hapohapo, akajipangusa vumbi na kusema, "Nyumba hii sasa haiingiliki."

4. Siwezi tena kusoma. Shuka langu lina alama za viatu vya ukoo mzima, nami nimeshawajua kwa soli. Tena wanaona aibu kupita kimya, kwa hiyo huketi kidogo na kuniuliza habari zangu, jambo ambalo halikuwapo zamani. Mama aliketi mpaka sufuria ikaungua.

Kwa hayo, naomba dirisha langu liwekwe nondo, na ziwe nene kuliko za kuku. Ikiwa chuma kimekwisha, televisheni ihamishiwe chumbani kwangu ili nami nipate cha kulindiwa. Hilo nalo likishindikana, nihamishiwe bandani. Kule ulinzi umeshakamilika.

Nasubiri jibu lako, kwa maandishi. Nisalimie wote walioko sebuleni. Waliokwama nje nitawasalimia mwenyewe wakipita.

Wako mtiifu,
Binti yako wa pili,
Chumba cha vitabu.

Nyongeza: Kabla sijaikunja barua hii pazia lilitikisika, nikashika kamusi. Ulikuwa wewe Baba, viatu mkononi, umefungiwa nje mchana kweupe. Uliketi ukingoni mwa kitanda kuvuta pumzi, ukaniuliza nasoma nini. Nikakusomea ukurasa mmoja. Hukusinzia. Ulisema, "Hebu endelea, tuone huyo mjane atawajibu nini shemeji zake." Tukamaliza sura nzima. Ulipoinuka ulilitazama dirisha kwa muda, ukasema kesho fundi ataitwa, aaibike asiaibike, arekebishe komeo na kuweka nondo hapa, kwa kuwa humu ndimo anamolala binti yako.

Ombi langu nimepewa lote, na nashukuru. Ila naomba fundi asije kwanza. Tumebakiza sura nyingi, na wewe kwa mlango wa chumba changu hujawahi kuingia.