Malalamiko Kuhusu Meno ya Mama Edinah

Mheshimiwa Mwenyekiti,
Kamati ya Bunge ya Mswada wa Maji,

KUH: USHAHIDI USIO NA MAREJELEO

Natumai barua hii itakupata ukiwa na afya njema, na ukiwa na nafasi zaidi kuliko siku ile tulipokutana.

Mimi ni Dkt. Bravin Ogada, mkurugenzi wa kituo huru cha utafiti wa sera hapa Section 58, Nakuru. Kituo kina watu wawili: mimi na msaidizi wangu, Bi. Jepleting, ambaye pia ndiye anayechapa barua hizi. Kwa miaka miwili tumechunguza floraidi katika maji ya visima, yale madini yanayogeuza meno ya watu wetu kuwa ya kahawia. Tuliandika ripoti ya kurasa 214, niliyoileta mbele ya kamati yako ilipokuja mtaa wa Rhonda kusikiliza maoni ya wananchi. Nalalamika kama ifuatavyo:

1. Nilipewa dakika kumi. Nane nilizitumia kueleza mbinu za utafiti, kama inavyotakiwa. Ya tisa nilikuwa natafuta miwani. Ulipouliza kwa upole, "Daktari, sasa tufanye nini?" nilijibu kwamba utafiti zaidi unahitajika. Kitaalamu hilo ndilo jibu sahihi, na sikuelewa kwa nini ukumbi mzima ulicheka, akiwemo Bi. Jepleting.

2. Aliyenifuata ni Mama Edinah Akeyo, anayeuza maji kwa mkokoteni. Hakuwa na karatasi hata moja. Alisema, "Waheshimiwa, si mniangalie tu meno. Mjukuu wangu ako na miaka miwili, sitaki akuwe hivi. Kila kisima kipimwe, na majibu yaandikwe hapo kwa mfereji, tuone." Kisha akatabasamu polepole, akigeuka ili kila mheshimiwa aone. Hapo hakuna aliyecheka. Lakini Mheshimiwa, meno si chapisho.

3. Maneno hayo sasa ni kifungu cha kumi na mbili cha mswada, ilhali hayajapitiwa na mtaalamu yeyote. Yalipitiwa na watu mia mbili waliokuwa ukumbini, na wote wakakubali. Hao wengi wao wana meno kama yake, kwa hivyo wana upendeleo.

4. Mapendekezo yangu ni thelathini na nane. Yeye ana moja, na nilipokagua nyumbani niliona halimo kati ya yangu. Niliumia, sitaficha. Mke wangu, Natasha, aliniuliza kama katika hiyo miaka miwili niliwahi kuongea na mtu anayekunywa hayo maji. Nilimwonyesha kiambatisho cha tatu. Akaendelea kula.

5. Kwa hivyo naomba kifungu hicho kiondolewe hadi ripoti isomwe yote. Naomba pia mwananchi yeyote atakayefika mbele ya kamati awe hajaishi na tatizo analolizungumzia kwa zaidi ya miezi sita, asije akalijua kupita kiasi.

Nisalimie wanakamati wote, makarani, na yule askari wa mlangoni aliyenisaidia kubeba nakala kumi na tano.

Wako katika kutafuta ukweli,
Dkt. Bravin Ogada

Baada ya kutia sahihi: Bi. Jepleting, alipokuwa akichapa barua hii, alilinganisha ripoti na karatasi za maabara. Katika ukurasa wa 131 nilichanganya majina ya visima viwili. Kile nilichokiita salama kabisa ndicho kibaya kuliko vyote. Jana nilikimbia Rhonda kuwaonya watu na nikakuta hakuna mtu anayechota pale. Mama Edinah aliwakataza mwaka juzi, baada ya kuwaangalia meno watoto waliokulia upande huo. Alinipa kiti, akaniuliza kama nimekula.

Mheshimiwa, kifungu cha kumi na mbili kiacheni kilivyo. Ripoti yangu naomba irudishwe kabla mtu hajaisoma.